Kutu ya Gari la Revocatus

Tundu ambalo Jumamosi lilipitisha ngumi nzima ya Burito, Jumapili asubuhi lilipitisha vidole vitatu tu.

Yunis alikuwa amesimama kando na ndoo ya maji, akimtazama mumewe aliyelala chali chini ya gari, akiingiza vidole kwenye ile sakafu ya bati na kuvitoa, akiingiza na kuvitoa.

"Labda umekosea tundu," alimwambia.

"Mimi na bodi ya gari, Mama Nathan? Nikosee?"

Kweli hakuwa mtu wa kukosea. Mtaa wote wa Mwisenge, pale Musoma, gari likibondeka lilipelekwa kwa Burito alinyooshe. Alipitisha kiganja juu ya rangi, akakuambia hapa ni puti ya kuzibia, hapa ni bati lenyewe. Lakini miaka kumi na tano alinyoosha magari ya wenzake tu, na moyoni alibaki na tamaa ya gari moja: gari la mbio la zamani, milango miwili, boneti ndefu, kama lile aliloliona utotoni likipasua vumbi pale Bunda, watu wakikimbilia barabarani kushangilia.

Alilipata Butiama, alikokwenda na Yunis, kwenye banda la mzee Revocatus, fundi mstaafu wa magari ya mashindano. Ilikuwa Datsun ambayo mzee huyo aliinunua kwa watu wa Tanga, akaanza kuifufua, akaiacha njiani. Haikuwa na injini. Sakafu ilikuwa imeliwa, na milango ukiigusa ilimwaga unga mwekundu. Kwa macho ya fundi yeyote, gari hilo halikustahili hata nauli ya kwenda kuliona.

"Usiamue leo, mura," Revocatus alimwambia. Alikuwa akiongea huku anaangalia ng'ombe wa jirani, si uso wa mtu. "Kaa nalo siku saba. Lichunguze. Ukilitaka, useme unalitaka. Usipolitaka, lirudishe, hatutagombana." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Nyumbani mnaishiga wangapi?"

"Watatu. Mimi, mke wangu na baba. Mtoto yuko bweni."

"Vizuri," alisema Revocatus, na akasaidia kulisukuma gari kwenye lori kwa nguvu ambazo Yunis hakuzitegemea kwa mzee wa umri ule.

Waliliweka uani, mbele ya kiti cha kamba cha mzee Makongoro, baba yake Burito. Mzee alikuwa na miaka themanini na miwili. Miguu ilikuwa imemkataa, lakini kichwa chake kilikuwa kizima, na kutwa alikaa pale akisikiliza redio na kuwatania wapita njia.

Jumatatu redio ilikuwa imezimwa. Yunis alikuwa jikoni akichambua dagaa aliposikia sauti ya chuma kikikwanguliwa, taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Alidhani ni Burito na msasa wake. Alipochungulia, Burito hakuwepo. Mzee alikuwa ameinama kuelekea dirisha la gari, akinong'ona.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na huyu mwanamke," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Ana harufu nzuri, lakini simpendi. Anasema ana mzigo, anatafuta wa kumpokea. Nimemwambia nyumba ni ya mwanangu. Anasema mwenye nyumba ameshamkaribisha."

Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya udi, na chini ya udi, harufu ya chuma kilicholowa.

Jumanne lile tundu halikuwepo. Mlango wa kulia ulikuwa unang'aa. Burito alilizunguka gari akicheka peke yake, akawaita mafundi wenzake waje waone, na wao wakaguna na kumuuliza amepata wapi bati safi namna ile. Yunis naye aliona jambo jingine: mzee Makongoro alikuwa amevaa koti la baridi juani, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka shingoni. Kumwogesha mzee ilikuwa kazi ya Burito, kwa kuwa mkwe haruhusiwi. Kumvalisha pia.

Jumatano alimpelekea chakula. Mzee aliponyoosha mkono kumega tonge, mkono wa koti ukapanda. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba malengelenge makavu yanayobanduka, na kipande kimoja kilianguka kwenye sahani. Yunis alisikia kikilia. Kililia ting, kama shilingi.

Alimkuta Burito nyuma ya nyumba akinawa.

"Umeona lini?"

"Punguza sauti."

"Umeona lini, Baba Nathan?"

"Jumatatu. Nikimwogesha."

"Leo Jumatano!"

"Sikiliza." Alimshika mabega kwa upole, upole uleule wa kushika rangi mbichi. "Hakuna fundi duniani anaweza kutoa kutu namna ile. Hakuna. Gari likimalizika, watu wa Arusha watalipigania. Na mzee ana miaka themanini na miwili. Tukilirudisha, atakaa na sisi mwaka? Miwili? Analala tu, Yunis. Anangojea."

"Ni baba yako."

"Ndiyo maana nasema. Ni wangu."

Mchana wa Alhamisi Burito alitoka, na Yunis akabaki peke yake na mzee katika jua lile la saa saba ambalo huwanyamazisha hata kuku, na ndipo kukwangua kulipoanza tena, mara hii bila kujificha, kukianzia kwenye boneti na kushuka kwenye tairi na kupanda mlangoni, na kila kulikopita bati lilibaki jeupe kama kisu kipya, huku mzee kwenye kiti chake akijikunja upande uleule uliokwanguliwa, mdomo wazi bila sauti, na Yunis alipomkimbilia na kumvuta ili amtoe pale akakuta kiti hakisogei, mzee hasogei, mwili wake mwembamba umekuwa mzito kama injini ya lori, na kutoka dirishani, karibu kabisa na sikio lake, mtu akavuta pumzi ya kuridhika kama anayeoga maji baridi baada ya safari ndefu.

Jioni ileile Yunis alipiga simu Bunda kumwita mganga.

Mganga Ngusa alifika Ijumaa asubuhi kwa pikipiki, Msukuma mfupi mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Hakutaka maneno mengi. Alilizunguka gari mara moja, akachoma dawa zake kwenye kigae, moshi ukaingia dirishani na haukutoka. Akamgeukia mzee Makongoro.

"Wewe uliyemo, umetoka wapi?"

Mdomo wa mzee ulifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, laini, ya watu wa pwani.

"Tanga, kaka. Mbali mno."

"Mwachie mzee wa watu."

"Mie sikuiba kitu. Mie nilikaribishwa. Muulize mwenye nyumba. Mwambie aseme hanitaki, nami n'tajifunga khanga yangu niondoke sasa hivi, na cha babu n'tamrudishia chote."

Ngusa akageuka. "Umesikia, Burito? Ni neno moja. Sema, silitaki."

Burito alikuwa amesimama karibu na gari. Lilikuwa limebakiza mlango wa kushoto tu. Sehemu nyingine zote zilikuwa kama zimetoka kiwandani, na jua lilipiga juu ya boneti ile ndefu hata ukashindwa kuitazama.

Sauti ya mwanamke ilikuwa imeondoka. Sasa alikuwa mzee mwenyewe, na sauti yake ilikwaruza.

"Burito. Ulipougua surua nilikubebaga mgongoni, Butiama mpaka Musoma, kwa miguu. Sikukutua hata mara moja. Sema, baba."

Burito alitoa kitambaa mfukoni. Akainama, akafuta vumbi kidogo kwenye kioo cha pembeni, akafuta tena mahali palepale.

Mzee alimtazama. Halafu akafumba macho, akimwonea mwanawe aibu.

Ngusa akaanza kukusanya vitu vyake.

"Unaenda wapi?" Yunis alimshika shati. "Mfukuze!"

"Mama, mimi nafukuzaga jini," alisema Ngusa kwa sauti ya chini. "Mtoto wa mtu siwezi kumfukuza."

Mzee Makongoro alikufa Jumamosi kukipambazuka. Wanaume wanane walibeba jeneza wakiyumba, wakijiuliza kimoyomoyo mtu mkavu vile amebeba nini ndani. Alizikwa Butiama, kwenye kiwanja cha ukoo, na Burito alilia kwa sauti mpaka watu wakamshika. Kutoka makaburini akaenda moja kwa moja kwa Revocatus kusema kwamba gari analitaka.

Alipoondoka, Yunis alimkuta Revocatus nje ya banda lake tupu.

"Ulijua."

"Nilikuwa na mke," alisema Revocatus. "Nilikuwa na dada wawili. Unadhani nililiacha njiani kwa kupenda? Nilibaki peke yangu, bila mtu wa kulilisha, kutu ikarudi."

"Sasa limebakiza nini?"

Revocatus aliangalia ng'ombe. "Injini. Na kwa injini hachukui mzee wa kitini, mama. Anataka mtu mwenye damu inayokimbia."

Yunis hakurudi Mwisenge. Alipiga simu shuleni kwa Nathan, akamsihi mwalimu mkuu asimkabidhi mtoto kwa yeyote, hata kwa baba yake, na mwalimu akaahidi. Jumatatu alikuwa mwaloni Mwigobero na begi moja, katikati ya magunia ya dagaa, akingoja boti ya kisiwa cha Rukuba, ambako dada yake ana kambi ya uvuvi. Alikuwa amefikiria kila kitu. Amemwokoa mwanawe, amejiokoa mwenyewe. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi njaa, akanunua kitumbua.

Simu ililia. Alikuwa mama yake, Wankyo, ambaye mpaka leo analima pamba yake mwenyewe kule Bunda na hajawahi kulazwa.

"Mwanangu, mbona hamkuniambia?" Mama alikuwa akicheka. "Mkwe amenitumia nauli, amekuja mwenyewe stendi kunipokea! Anasema mna msiba, mna upweke, nije nikae na nyinyi. Anajua kuheshimu huyu. Na gari lake zuri hapa uani, jamani, ndio kwanza ameniketisha ndani."

Kitumbua kilidondoka mchangani.

"Mama, shuka. Shuka sasa hivi."

"Nishukeje na amefunga mlango kwa nje? Anasema kitasa hakijakaa sawa, nisubiri kidogo. Sema humu ndani mnanukia udi! Ngoja, ngoja usikie, mwanangu, linaanza ku—"

Na Yunis akasikia injini ikishika, mara moja, safi kabisa, bila kukohoa.