Picha Isiyo na Mshenga

Mwezi wa Hamle, ndio Julai ya Ethiopia, mvua za Addis Ababa hazina adabu, na ndio mwezi huohuo wahitimu wanapopenda kupiga picha. Siku hiyo duka la kuchapisha picha pale Arat Kilo lilijaa majoho meusi, miavuli inayochuruzika maji na akina mama waliovaa magauni meupe yenye tarizi, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Emebet wa kaunta alikuwa amepiga kelele hadi sauti imekauka.

Nyuma yake, penye mashine, alikaa Rediet binti Zerihun, amevaa sweta la kijani lililochakaa viwiko na nywele amezisuka zikalala kichwani. Mashine zake ziliendeshwa na Linux, naye hakuwa mtu wa kubofyabofya. Alitaka aandike amri kwenye dirisha jeusi, apige kitufe, jambo litendeke. Picha za wateja zilipoingia, amri moja ilizifungua, ikazipunguza na kuzipeleka kwenye uchapaji. Isipokuwa moja.

"Dada yangu, picha yangu mmeila?" aliuliza kijana mmoja aliyeegemea kaunta. Alikuwa mrefu, joho limelowa mabegani, kofia ya mahafali ameishika kama sahani.

"Haijaliwa. Imekataliwa," Rediet alijibu bila kuinua macho. "Mashine inasema haina mjumbe."

"Mjumbe gani tena?"

"Wa kuifungua. Programu hii haifungui picha yenyewe. Kila aina ya picha ina mjumbe wake anayetumwa kwenda kuifungua. Simu yako inahifadhi picha kwa mtindo wa kwao, na hapa hakuna anayeujua mtindo huo."

Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo. "Kumbe picha yangu imekuja kuposa bila mshenga!"

Emebet akaangua kicheko. Rediet alijikaza asicheke, akashindwa, na alipoinua macho ndipo alipoponzeka, kwa sababu yule kijana alikuwa na macho ya mtu anayekusikiliza hata ukinyamaza.

"Na anayekuja bila mshenga mnamfanyaje?"

"Anarudishwa mlangoni kama wenzake."

"Basi mtafutie mshenga wake. Mimi nangoja."

"Utangoja sana. Kuna kipande kinachokosekana, nikilete, kisha niijenge programu upya tangu msingi."

"Nimesomea barabara, mrembo. Kungoja ndiyo kazi yangu."

Akangoja kweli. Alitoka nje kwenye mvua akarudi na makiato mbili, kahawa za maziwa, kwenye glasi, moja akaiweka kando ya mkono wa Rediet, akakaa. Mistari ikapanda kwenye dirisha jeusi, mirefu, isiyoisha, nao wakazungumza. Rediet alipoijaribu tena ile amri, picha ikafunguka. Alikuwa mzee mmoja mwenye masharubu meupe, kofia ya mahafali imemkalia upande, anacheka hadi pengo linaonekana.

"Huyu ndiye mhitimu?"

"Huyu ni Gashe Workneh, ndugu wa baba yangu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Nilimvisha kofia apige picha moja tu, akagoma kuivua mpaka nyumbani."

Rediet aliichapisha picha ile kubwa kuliko ilivyoagizwa. Kijana aliitwa Surafel, na kuanzia siku hiyo akawa na sababu ya kupita Arat Kilo kila jioni.

Penzi lao halikuwa na makuu. Walitembea pamoja wakitoka kazini, walikula shiro, mchuzi wa unga wa dengu, siku za mfungo kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na kanisa, na Surafel alimlisha Rediet tonge kwa mkono wake mwenyewe. "Tonge moja huleta ugomvi," alisema, akamtia la pili. Rediet akatafuna huku machozi ya pilipili yakimtoka, akajua amekwisha.

Maua ya manjano ya mwaka mpya yalipochanua, Surafel akapata kazi ya kupima barabara huko kusini, bonde la Omo, mbali na kila kitu.

"Nitakupigia Jumapili," alisema. "Kuna kilima chenye mtandao."

"Piga. Lakini maneno matamu niepushie, mji huu umejaa. Nitumie picha, nizione njia unazopita."

Simu ya Rediet ilikuwa ya vitufe. Aliyeshinda na mashine kutwa hakutaka nyingine mfukoni. Kwa hiyo picha za Surafel ziliingia kwenye sanduku la barua la duka, mashine ikazifungua yenyewe na kuzitoa uchapani, na Rediet akazibandika ukutani mbele ya kiti chake. Ng'ombe wenye pembe ndefu. Nguzo ya kupimia imevishwa kofia. Barabara ambayo bado ni chokaa tu iliyomwagwa kwenye nyasi.

"Haloo, malaika wa Arat Kilo," ilisema simu kila Jumapili, upepo ukivuma ndani yake.

"Malaika hawana njaa. Mimi nina njaa."

"Mpenzi, umekula nini?"

"Nimekula upweke na injera baridi."

"Basi niwekee injera. Huo upweke ninao wa kutosha huku."

Jumapili moja katikati ya mfungo mrefu wa kabla ya Fasika, Pasaka yao, sauti yake ilikuja tofauti, kama ya mtu aliyefanya mazoezi. "Rediet, nakwenda nyumbani kwa Gashe Workneh. Nitakutumia picha. Picha hiyo ni swali."

"Swali gani?"

"Utaliona. Ukikubali nipigie, hata usiseme neno. Ukikataa usinipigie, nami sitakusumbua. Maneno ya kukataliwa siyawezi, mpenzi. Nyamaza tu, nitaelewa."

Rediet alicheka, akamwita mwoga, akakata simu huku bado anacheka.

Wiki hiyohiyo, kama fundi mwema afanyavyo, aliiagiza mashine ijisasishe. Programu mpya zikaja, zikakaa mahali pa zile za zamani, na ile aliyoijenga kwa mkono siku ya mvua ikafutwa. Iliyokuja badala yake haikuwa na mshenga wa picha za Surafel. Mashine ingeweza kumwambia. Lakini Rediet alikuwa amechoshwa na malalamiko yake kuhusu picha mbovu za wateja, akaiamuru zamani kwamba inachoshindwa kufungua ikiweke kando, na lalamiko ilimeze. Mlalamikaji ukimziba mdomo, unapata utulivu, lakini hasara inaendelea.

Akangoja picha. Fasika ikafika, kuku akachinjwa, nyumba ikanukia siagi na vitunguu, naye akakaa kwenye kigoda akisikiliza simu isiyolia. Jumapili zikapita. Ukutani, ile nguzo yenye kofia ikaanza kupauka.

"Mpigie," moyo ulimwambia siku moja, na kidole kikafika kwenye kitufe.

"Umpigie umwambie nini?" Emebet alimnyang'anya simu. "Umwambie, 'Kaka, uliahidi kuniuliza swali, mbona huulizi?' Mwanamke hamkumbushi mwanamume posa, shoga. Amebadili nia. Mwache aende na barabara zake."

Rediet akamwacha, lakini kwa mdomo tu. Kila jioni alipita penye kibanda cha shiro akiangalia upande wa pili. Alimtamani hata kwa yale mambo yaliyokuwa yakimuudhi, ule uchelewaji wake, ule wimbo wa kuvuma puani usiofika mwisho. Alikuwa anamkosa kama mtu anavyokosa usingizi, na mchana wote alikuwa mzito.

Mvua zilikuwa zimeanza kurudi bibi harusi mmoja alipoingia dukani kwa hasira, hina bado nyekundu mikononi. "Nimewatumia picha za harusi yangu nzima! Hamjachapa hata moja! Watu watajuaje kwamba nimeolewa?"

"Umetuma kwa simu gani?" Rediet aliuliza. Bibi harusi akaionyesha.

Ilikuwa ya aina ileile ya Surafel. Rediet akageukia dirisha jeusi, akaifuta ile amri ya kuiziba mashine mdomo, akaiambia ijaribu upya kila ilichokiweka kando.

Mashine ikaongea. Hakuna mjumbe wa picha hii. Hakuna mjumbe wa picha hii. Hakuna mjumbe. Na kati ya malalamiko ya picha za bibi harusi yalikuwapo mengine, ya tangu kabla ya Fasika, yenye jina la mtumaji mmoja.

"Mungu wangu," alisema. "Ni mimi niliyemfungia mlango."

Akakitafuta kile kipande, akaanza kuijenga programu upya, mistari ikapanda kama ile siku ya kwanza, ila safari hii hapakuwa na glasi ya makiato kando ya mkono wake. Emebet aliiacha kaunta akaja kusimama nyuma yake.

Picha zikafunguka. Punda aliyelala katikati ya barabara mpya. Mto. Halafu wazee watatu mlangoni pa nyumba ya udongo, wamevaa gabi, zile shuka nene nyeupe, zilizofuliwa zikang'aa, fimbo mkononi, viatu vimepakwa rangi, na wa katikati, akicheka na pengo lake, ni Gashe Workneh. Mtu wa Addis Ababa haulizi wazee watatu waliovaa hivyo wanakwenda wapi: wanakwenda kuposa.

"Mpigie!" Emebet alilia. "Mpigie, mimi ni mjinga, mpigie!"

Simu iliita ikakata, ikaita ikakata. Mara ya sita upepo ukavuma ndani yake.

"Rediet?"

"Picha nimeiona leo."

"Leo?"

"Leo hii, Surafel. Mashine iliirudisha mlangoni, na mimi ndiye niliyeiambia isinieleze. Nami nilikuwa nangoja swali. Nilikuwa nangoja mpaka nikakuchukia."

"Na mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nimekupigia. Si ulisema nikipiga hata nisiseme neno? Walete wazee wako."

"Wamebaki wawili," Surafel alisema. "Gashe Workneh tulimzika mwezi uliopita."

Rediet akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kila nikimpigia alikuwa ananiuliza, 'Msichana amejibu?' Nami namwambia bado. Sikuweza kumwambia amekataliwa, Rediet. Nikasema bado, bado, mpaka akaenda."

"Basi hukumdanganya," Rediet alisema huku akilia. "Nilikuwa bado."

Ikabaki hofu moja. Baba yake Rediet, Zerihun, alikuwa mtu wa desturi hadi kwenye kucha. Wazee wa posa ni watatu, na familia iliyotuma wawili ingeweza kuambiwa ikajipange kwanza.

Wakaja Jumapili baada ya kanisa. Rediet alikuwa jikoni anakaanga kahawa, gauni jeupe la tarizi limemkaa vizuri. Aliwasikia wakisalimia, akasikia viti vikivutwa.

"Karibuni mkae."

"Hatukai, bwana, mpaka tusikilizwe."

"Naona mko wawili," baba alisema taratibu. "Wa tatu yuko wapi?"

Rediet akasogea penye pazia. Mmoja wa wazee alikuwa anatoa kitu chini ya gabi yake, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Akakifungua, akakisimamisha juu ya kiti cha katikati. Ilikuwa ile picha ambayo Rediet mwenyewe aliichapisha kubwa kuliko ilivyoagizwa, Gashe Workneh na kofia upande, anacheka.

"Huyu ndiye msemaji wetu," mzee alisema. "Alitumwa kabla yetu sote. Amechelewa njiani tu."

Zerihun aliinama akaitazama picha ile. Kisha akakohoa kidogo. "Kofia hiyo ni ya nani?"

"Ni ya kijana wetu. Siku hiyo mzee alikataa kuivua."

Masharubu ya Zerihun yakatikisika. "Basi mwacheni akae nayo. Nanyi kaeni."

Wakakaa, wakasema walichotumwa, na Zerihun akawajibu kama wanavyojibu akina baba wote, hata waliokwisha kukubali moyoni: amesikia, nao warudi Jumapili ijayo wachukue jibu. Ndipo Rediet akaingia na kahawa. Akammiminia baba yake, akawamiminia wazee wawili, kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha katikati na kuweka kikombe cha nne.

"Gashe," alinong'ona, "nimejibu."