Injini Mpya, Gia Boksi Kuukuu

Mark II nyeupe ilimpotea tena.

Elieth aliukandamiza mguu mpaka sakafuni. Carina yake ikalia kama inaonewa, lakini mshale ukagoma kuvuka mia na thelathini. Mbele, barabara ya Dodoma kwenda Iringa ilikuwa imenyooka, tupu, jua la saa tatu asubuhi likiwaka juu ya lami.

Simu ikaita sikioni. Alikuwa Anyitike, mkuu wake, kutoka ofisini.

"Umewaacha?"

"Wameniacha mimi."

"Elieth!"

"Bado kuna vijiji mbele, bosi. Tulia."

Atulie nani? Saa mbili kamili Denis, karani wa masijala ya idara yao ya upelelezi, aliyekuwa akimsalimia kila siku kwa meno yote thelathini na mawili, alitoka getini na kifaa kidogo cha kuhifadhi taarifa, cha kuenea kiganjani, akaingia kwenye Mark II iliyokuwa ikimsubiri. Ndani ya kifaa yalikuwamo majina ya watoa habari wote wa kanda ya kati. Ukikifungua kibabaishaji kinajifuta, kwa hiyo wanunuzi, walanguzi wa pembe za ndovu, walimleta mtaalamu wao kwa ndege ndogo. Alikuwa anasubiri kwenye kiwanja cha vumbi, ng'ambo ya mlima Nyang'oro. Saa tano ndege inaruka.

Na jina la Hana lilikuwamo.

Hana wa Mvumi, mama mkulima wa zabibu, ndiye aliyetoa namba za hiyo Mark II. Elieth alikula ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwake, akamwapia kwamba jina lake halitatoka. Walanguzi hawa hawakuwa watu wa kutisha mtu kwa maneno. Walikuwa wanazika.

Vizuizi vya polisi? Sahau. Denis alikuwa na kitambulisho cha idara, na askari akikiona anapiga saluti. Redio ya idara nayo alikuwa nayo garini, kila neno anasikia.

Kwa hiyo silaha ya Elieth, ukiacha bastola ya Glock iliyokuwa kiunoni, ilikuwa maneno ya fundi.

Juzi alikwenda gereji ya mzee Ludovick pale Makole, akijifanya mteja wa brekipedi, akamkuta amenuna. Geofrey, dereva wa walanguzi, alikuwa amepeleka Mark II hiyo kuukuu, ya otomatiki, itolewe injini yake na iwekewe ya turbo, aina ya 1JZ. Ludovick akamshauri abadilishe na gia boksi, aongeze na kipoza oili yake, maana ile ya zamani haikuumbwa kubeba nguvu hizo. Geofrey akacheka. Gia zinaingia zote, ya nini kuigusa? Gari alilitaka kesho yake.

"Mwanangu," Ludovick alimwambia Elieth huku akifuta mikono, "kwenye tambarare atatamba. Aombe Mungu asikutane na mlima."

Ndivyo tulivyo, jamani. Injini tunaitangaza mtaa mzima, gia boksi hatuijulii hata hali.

Kijijini Fufu, matuta ya barabarani.

Mark II ilikuwa imebanwa nyuma ya lori, ikipanda tuta moja moja. Elieth akaifikia, akawasha taa zote, akapiga honi ndefu. Denis akageuza shingo, akamtambua. Tuta la mwisho lilipoisha, Mark II ikachomoka kama imechomwa na nyuki.

Anyitike alifoka kwamba amejianika mwenyewe. Elieth akamjibu kwamba ndicho alichotaka: watu wenye hofu hukanyaga moto, na kila wakitoka kwenye tuta wakakanyaga, oili ya ile gia boksi inachemka zaidi.

Kijijini Chipogoro akawafanyia vilevile. Honi, taa, wakachomoka.

Pale Mtera, kwenye tuta la bwawa, Denis alitoa mkono na kitambulisho, askari akapiga saluti. Elieth akapita nusu dakika baadaye, vioo chini. Juu ya shombo ya samaki wanaokaushwa kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya oili iliyoungua.

"Vipi?" Anyitike aliuliza.

"Inaiva."

Lakini saa ilikuwa nne na dakika ishirini, na mngurumo wa turbo ulikuwa bado unasikika huko mbele, mzima kabisa. Je, kama Ludovick ni mzee wa kulalamika tu? Elieth aliogopa, tena sana. Akilini alimwona Hana ameinama shambani, hana habari.

Nyang'oro ikaanza. Kona ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, hamna kitu.

Kona ya tatu alisikia injini ikipiga kelele.

Mark II ilikuwa katikati ya mlima, 1JZ ikiunguruma kwa nguvu zake zote, na magurudumu hayazunguki. Geofrey alisukuma gia mbele, nyuma, mbele. Moshi ukatoka uvunguni. Kisha gari likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, mpaka likaegemea ukingo.

Elieth akafunga breki nyuma yao, akashuka. Denis naye akashuka.

"Elieth, tuongee kiutu uzima."

Mkono wake wa kulia ulikuwa unaelekea kiunoni. Elieth alifyatua mara moja tu. Risasi ikampata begani, akaketi barabarani, bastola yake ikaserereka hadi mtaroni. Geofrey alinyoosha mikono bila kuombwa.

Kifaa kilikuwa kwenye mfuko wa shati la Denis, kitaa chake kingali cha kijani. Hakijafunguliwa. Elieth akawafunga pingu wote wawili, akamfunga Denis jeraha kwa kanga yake, akampigia Anyitike alete watu, na wengine wakaizuie ndege.

Geofrey alikuwa anaitazama Carina, haamini.

"Dada, kwa kigari hicho umetupataje?"

"Injini yangu na gia boksi yangu zimezeeka pamoja."

Wenzake walipofika kutoka Iringa aliwakabidhi kila kitu, akatembea hadi kwenye gari lake. Kabla ya kuwasha, akapiga simu Mvumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Elieth akafumba macho. Nyuma ya sauti ya Hana kuku walikuwa wanalia, na mtu alikuwa anatwanga.

"Nilikuwa napanda mlima."