Jina Alilolijaza Editha

Jumatatu asubuhi Editha alipofungua masjala, alikuta rejista ya barua za siri imefunuliwa juu ya meza. Ijumaa aliifungia kabatini mwenyewe, na ufunguo alikwenda nao nyumbani, tena Jumapili alikuwa nao kanisani ndani ya pochi. Akasema labda uzee umeanza. Akaweka kiganja juu ya ukurasa ili aufunge, akakitoa haraka. Karatasi ilikuwa na joto, joto la mwili, kama ubavu wa ng'ombe aliyesimama juani. Na chumba chote kilinuka nywele zilizoungua.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa Ijumaa. Editha aliujua, ndiyo maana hakumwita mtu.

Alikuwa karani wa masjala ya siri katika chuo kikuu kimoja cha umma mjini Dodoma, mwaka wa kumi na tisa sasa. Barua zote nyeti zilipita mkononi mwake kwanza, pamoja na zile zilizotumbukizwa kwenye sanduku la taarifa nje ya jengo la utawala. Juu ya sanduku kuna tangazo: Toa taarifa bila woga. Sheria inakulinda. Jina lako ni siri. Ijumaa ile sanduku lilikuwa na barua moja, isiyo na jina. Ilieleza jinsi Dokta Ulimboka, mkuu wa idara ya sayansi, anavyowafelisha wasichana makusudi ili waende ofisini kwake kumwomba, na anachowataka wakishafika. Tarehe ziliandikwa, na namba za vyumba.

Masjala ina desturi yake. Barua haitoki bila kuandikwa, na mstari hauachwi na nafasi wazi: namba, tarehe, imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, inahusu nini. Kwenye "kutoka kwa" Editha alipaswa kuandika "mtoa taarifa", basi. Lakini miaka minane alikuwa akipokea fomu za likizo na maombi ya kemikali ya Evarista, fundi sanifu wa maabara. Mwandiko wa barua hii aliujua: ile saba yenye kistari katikati, na ile y yenye mkia mrefu. Mkono uliozoea kujaza ulijaza. Akili ilipofika, kalamu ilikwisha andika: Evarista, maabara.

Hilo lilikuwa kosa la mkono. La pili lilikuwa la moyo, na hilo hakulisema hata katika sala.

Saa nne ile Ijumaa Dokta Ulimboka aliingia kunywa chai ya tangawizi, kama kawaida yake.

"Mama Editha, nasikia sanduku limetapika leo," akacheka. "Limetapika nani?"

Rejista ilikuwa wazi mezani. Na barua ya kumpendekeza Editha apandishwe cheo ilikuwa imesainiwa na Dokta huyo huyo, ikingoja kwa mkuu wa utumishi. Editha alimgeuzia mgongo, akawasha birika, akakoroga sukari muda mrefu kuliko sukari inavyotaka kukorogwa. Alipogeuka, Dokta alikuwa anatazama dirishani, na chai hakuitaka tena.

Hayo ndiyo yalikuwa yake ya Ijumaa. Sasa Jumatatu, akiwa bado anajifuta kiganja kwenye sketi, alisikia yowe kutoka jengo la maabara, akatoka mbio kama wengine.

Evarista alikuwa amelala sakafuni kati ya meza mbili, wanafunzi wamejibana ukutani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka hewani, umeshikwa na kitu kisichoonekana. Kidole gumba kilipinda nyuma taratibu, kikapinda tena, mpaka kikalia kama kijiti kikavu. Kisha mkono ukaachwa, ukaanguka. Wakasema kifafa. Wakasema kateleza. Editha peke yake ndiye aliyenusa nywele zilizoungua, akarudi masjala bila kumgusa mgonjwa.

Jumanne, saa ile ile, kidole cha pili. Safari hii walimshika watu wanne, na wote wanne walitupwa. Mmoja alivunja kabati la vioo kwa uso wake. Na kule masjala, akiwa amekaa peke yake jua likiwaka dirishani, Editha alianza kusikia mtu analamba kidole na kufunua karatasi, analamba, anafunua, polepole, kama karani mwenzake, nyuma ya kabati ambako hapakuwa na mtu, na kila alipokwenda kutazama sauti ilihamia mahali alipotoka, na rejista ilikuwa imefunuliwa palepale, Ijumaa, na jina la Evarista limelowa.

Jumanne hiyo hiyo jioni Editha alikwenda mtaa wa Makole kwa Ustadh Iddy, Mrangi wa Kondoa, dereva mstaafu wa chuo, ambaye tangu astaafu watu walimfuata kwa mambo ya majini.

"Shikamoo, Ustadh."

"Marahaba. Mbona unanuka nywele, mwanangu?"

Editha akaketi chini, akalia. "Mimi ni Mwanglikana, Ustadh. Sijui kama inafaa."

"Jini limekuuliza dini? Nimeendesha magari ya chuo miaka ishirini na mbili, nimebeba maprofesa wa kila dini, na wote walitapika kwenye kona za barabara ya Kolo. Sema."

Akasema habari za barua na za jina. Ya chai aliiruka. Mzee akamtazama usoni.

"Hilo ni jini la kutumwa," alisema Ustadh. "Lina agizo kama tarishi, halizidishi wala halipunguzi. Aliyelituma hakumjua mwandishi mpaka jina lilipopatikana. Jina limetoka mkononi mwako. Kesho mlete huyo binti masjala, na useme mbele yake ulichofanya. Chote. Ulichokiruka hapa usikiruke kesho."

"Nisiposema?"

"Ana vidole vingapi? Vikiisha litashika shingo."

Jumatano saa nne kasoro Evarista aliingia masjala, mkono umefungwa bendeji, uso umenywea. Ustadh Iddy alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, tasbihi mkononi.

"Dada Editha, umeniitia nini? Kama ni ruhusa ya ugonjwa nimeshaandikiwa." Akashusha sauti. "Nikwambie kitu? Ile barua ya sandukuni ni yangu. Sikuweka jina. Nilivaa hata glovu. Sasa nani kajua, dada? Nani?"

Editha akafungua mdomo. Hapo hapo mlango ukasukumwa na Dokta Ulimboka akaingia na kikombe chake.

"Loh, leo kuna kikao! Evarista, pole na mkono. Mashine za maabara hizi, unajua, ukizichokonoa..."

Hakumaliza. Mlango ulijifunga nyuma yake kwa kishindo, kitasa kikadondoka. Evarista alinyanyuliwa kwa nywele mpaka miguu ikaning'inia, akapigwa ukutani, akanyanyuliwa, akapigwa tena, rafu zikatikisika na mafaili yakamwagika, damu ikaruka ikachora ukuta, na ile bendeji ikafunguka yenyewe mzunguko kwa mzunguko, na kidole cha tatu kikavunjika, na cha nne, bila kungoja kesho. Ustadh alisimama akisoma kwa sauti. Kitu kikampiga kifuani akarudi chini, akaendelea kusoma akiwa chini.

Editha alirukia rejista akashika ukurasa auchane.

"Usichane!" alipiga kelele Ustadh.

Alikuwa amechelewa. Kona ya karatasi ilipasuka inchi moja, na shavu la Evarista likapasuka inchi moja, safi, kama kwa wembe. Editha akaachia, akapiga magoti.

Mdomo wa Evarista ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya kiofisi, haina hasira wala haraka. "Niliambiwa: mtafute anayejificha, mvunje. Jina lake nililikuta limeandikwa. Naendelea na kazi."

Hapo Editha akakumbuka kile alichowafundisha makarani wapya kila mwaka: kosa la rejista halifutwi wala halichanwi, linapigwa mstari mmoja, ukweli unaandikwa juu yake, na aliyekosea anatia saini. Akachukua kalamu nyekundu. Akalikata jina la Evarista kwa mstari mmoja.

"Andika lingine," alinong'ona Dokta Ulimboka. Alikuwa amejipenyeza nyuma ya rafu za chuma, amechuchumaa kati ya maboksi, macho tu ndiyo yaliyoonekana. "Andika yule mlinzi, Petro. Ni mzee, hana mtu. Mama yangu, andika upesi! Cheo chako nakipitisha leo."

Kalamu ilisimama. Ee Mungu, kwa muda mfupi Editha alimfikiria Petro kweli. Alifikiria pia kuandika Ulimboka, na roho ilimsukuma afanye hivyo. Lakini vyote viwili vilikuwa uongo, na barua haikutoka kwao.

Akaandika jina lake mwenyewe, la ubatizo na la baba, maana kuanzia sasa taarifa hiyo angeibeba yeye. Akatia saini. Kisha akasimama akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia ofisini:

"Evarista, ni mimi. Niliujua mwandiko wako nikakuandika. Na Ijumaa nilimgeuzia huyu mgongo makusudi, ili asome, kwa sababu nilitaka cheo. Na siyo barua yako tu. Kuna tatu za mwaka jana, za wasichana. Nilizipokea nikazitia kwenye droo ya chini nikasema zitasahaulika. Leo nazipeleka kamati ya maadili, kwa jina langu. Mimi ndiye mtoa taarifa. Nimesimama hapa. Sijajificha."

Evarista akaanguka.

Kitu kikamjia Editha. Alisikia pumzi ya moto usoni, ikamnusa kope, ikamnusa mdomo, ikakaa kooni pake mpaka mkojo ukamtoka, na hakusogea, hakufumba macho, na kukawa kimya, na katika kimya kile, nyuma ya rafu, boksi moja likakwaruza sakafu.

"Anayejificha," ilisema sauti, safari hii bila mdomo wa mtu.

Rafu zilijikunja kama kadi. Dokta Ulimboka alivutwa kwa miguu, akishika kila faili alilopita, akitaja majina ya watu, majina mengi, ya walinzi, ya wahadhiri, ya wanafunzi, akitoa moja baada ya jingine kama mtu anayenunua njia. Halikumsikiliza. Vidole vyake vilivunjwa vyote kumi, kwa mpangilio, kisha taya. Ustadh Iddy alijikokota akamkalia juu, mzee mzima, akaadhini kwa nguvu zake zote, akasema, "Agizo limekwisha! Toka!" Na dirisha likapasuka kuelekea nje, vioo vikamwagika uani, upepo wa vumbi jekundu ukaingia, na ile harufu ikatoka.

Ulimboka aliishi, na akahojiwa kwa maswali ya maandishi, akijibu ndiyo au hapana kwa kichwa. Zile barua tatu Editha alizikabidhi mchana ule ule, sketi ikiwa bado mbichi.

Ijumaa alikwenda hospitali. Alisimama miguuni mwa kitanda. Evarista alikuwa na nyuzi tisa shavuni na mkono wote umefungwa plasta.

"Kamati imekuja," alisema Evarista akiangalia dari. "Wanataka maelezo yangu kwa maandishi. Wamesema naweza kuficha jina, sheria inaruhusu."

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Sijafika huko. Lete kiti." Akangoja kiti kiburutwe. "Mkono sina, umeona. Wauguzi wanaharibu majina ya kemikali. Wewe unaandika vizuri. Mimi nasema, wewe unaandika, na usiongeze neno hata moja."

Editha akatoa karatasi. Wakaandika saa nzima, na mara mbili Evarista alimfanya asome upya. Walipofika mwisho, kalamu ikasimama kwenye nafasi ya jina. Editha hakuthubutu kuinua macho.

"Niiache wazi?"

"Jaza," alisema Evarista. "Safari hii nakutajia mwenyewe."

Akamtajia jina lake, herufi moja moja, taratibu, kama wanaokutana siku hiyo kwa mara ya kwanza.