Mlinzi wa Kalisti

Kwanza yalimwagika maziwa. Digna, binti wa miaka kumi aliyezoea kubeba kibuyu kichwani bila kukishika, alikiangusha mara tatu wiki moja, na mkono wake ukaendelea kurukaruka kama unafukuza nzi. Alikuwa ndiyo kwanza amepona ugonjwa wa koo.

Kisha akamwamkia bibi yake shikamoo huku amemtolea ulimi. Baba yake, Kalisti, akamchapa kwa utovu wa adabu. Mtoto akalia, akacheka, akalia tena. Mama yake, Redempta, akaufunika ule mkono kwa kiganja chake: "Tulia, mama. Tulia."

Kibosho nzima ilijua sababu, na waliosema hawajui ndio waliokuwa wakiitangaza. Kahawa ilipopanda bei mwaka wa sabini na sita, wezi wakazidi, Kalisti alishuka Tanga akarudi na jini la ulinzi ndani ya chupa. Akaliweka chini ya kitanda. Kahawa haikuibwa tena hata punje, tusimsingizie. Ila sasa Redempta alisikia chupa ikigonga sakafu kila mkono wa Digna uliporuka, na harufu ya ubani ikatoka uvunguni, ikapita jikoni, ikamfuata mtoto hadi migombani, ambako hapakuwa na upepo lakini majani yalitikisika moja baada ya jingine, yakimsogelea, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anayapapasa akitafuta mwizi.

Wakampeleka hospitali Moshi.

"Mwili una askari wake," daktari alieleza. "Walipigana na ugonjwa wa koo. Sasa wanaona chembe za ubongo zinafanana na yule adui, wanazipiga. Moyo nao umeguswa. Alale hapa achomwe sindano. Asitembee."

Kalisti akashika ukuta. "Askari asimjue mwenye nyumba?"

"Hamjui, mzee."

Nje akamnong'oneza mkewe, "Umesikia? Daktari kashamtaja. Ni yule mlinzi wangu."

"Baba Digna, kasema asitembee!"

Hakusikia. Aliifuata chupa nyumbani, akarudi kumtoa mtoto wodini, akaitupa mtoni, na kama alivyoagiza yule mganga wa Tanga aliyempa jini, akamfanya apande mlima wote hadi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe bila kutazama nyuma. Mlangoni Digna akakaa chini, akaegemea nguzo.

"Limetoka!" Kalisti alipaza sauti. "Mama Digna, njoo uone, mikono imetulia!"

Redempta, aliyekuwa akiwafuata nyuma, akaja. Akampapasa kifua. Akamfumba macho.

Baada ya maziko Kalisti alimpigia mkewe magoti na jani la isale mkononi, jani ambalo Mchagga akiletewa na aliyemkosea hana budi kusamehe. Redempta akaficha mikono nyuma. Kalisti akaliweka jani juu ya udongo mbichi wa kaburi, akaondoka akilia.

Jani likaanza kurukaruka. Upepo haukuwapo. Ubani ukanuka, na wanawake waliosimama pale wakakimbia wakikanyagana.

Redempta peke yake alibaki. Alichuchumaa, akalifunika kwa kiganja.

"Tulia, mama," alisema. "Tulia."