Mtazamaji Aliyehama

Magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa yakifika Mwanza kwa ndege ya mchana, na yakishafika, mbele ya meza ya Josephat, muuza magazeti, karibu na soko kuu hapapitiki. Wanunuzi walikuwa wachache, wasomaji wa bure tele, na wabishi ndio usiseme. Siku hiyo ya mwaka tisini na tano Odeta alikuwa ametumwa gazeti na bosi wake Iqbal, mwenye duka la vitambaa. Alivaa gauni la njano la mtumba alilolipunguza mwenyewe kiunoni, likamkaa kama alizaliwa nalo, lakini hata gauni hilo halikumpa njia.

"Dada, subiri," Josephat alimwambia. "Hapa tunaamua jambo la dunia."

Jambo lenyewe lilikuwa hili: tangu michezo ianze, nani mshindani mkubwa kuliko wote?

Sasa, kwa Wasukuma ubishi wa namna hiyo hauamuliwi kwa mdomo. Makundi mawili ya ngoma yakishindana, yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahama kufuata utamu. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo Josephat alikuwa amechora mstari wa chaki chini: wa Muhammad Ali huku, wa Pele kule. Pande zote zilifurika. Pembeni, peke yake, alisimama kijana mrefu mwenye buti nyeupe za kiwanda cha minofu ya sangara, ametulia kana kwamba anangoja mgeni.

"Na wewe kaka, wa nani?" Odeta alimuuliza.

"Wa Akhwari."

"Yule wa marathoni ya Mexico? Si alikuwa wa mwisho!"

"Wa mwisho kati ya waliofika. Wengine hawakufika kabisa. Yeye kaanguka, kafungwa bandeji mguuni, giza linaingia, watu wengi wameshaondoka uwanjani, na bado anachechemea amalize. Ali alipigana dunia nzima ikimtazama. Ukumbi ungekuwa mtupu je?"

"Una kundi la mtu mmoja. Utashindwa."

"Ukija tutakuwa wawili."

Odeta mwenyewe hakujua alipitaje katikati ya watu. Alijikuta tu kule pembeni, bega kwa bega na mtu asiyemjua jina, na Josephat akapiga kelele, "Jamani, Akhwari kapata mke!" Soko zima likacheka. Odeta aliona haya, lakini hakurudi.

Jina lake lilikuwa Mihayo. Tangu hapo simu ya dukani ikawa haina raha.

"Haloo, naomba kuongea na mshabiki wa Akhwari."

"Odeta!" Iqbal alikuwa akiita, mkono juu ya kipokezi. "Sangara wako huyu hapa! Mwambie simu ya biashara."

"Malkia, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nitakula nikikuona."

"Utakufa njaa basi, leo nafunga saa kumi na moja."

Jioni walikaa juu ya mawe ya Kapri Point, jua likizama taratibu na ziwa likigeuka shaba, kisha zambarau, kisha rangi isiyo na jina. Mihayo alikuwa akisugua mikono kwa ndimu ili kuondoa shombo, na mchanganyiko ule wa ndimu na samaki Odeta aliuzoea, akaupenda, akawa anausikia hata katikati ya majora ya vitambaa. Dunia ilikuwa nyepesi siku zile. Alikuwa akipima kitambaa huku akitabasamu peke yake, na wateja walidhani anawatabasamia wao.

Mihayo alipotamka habari ya ndoa, Odeta alimwambia wazi, "Pana mtu mmoja wa kupita. Baba."

Baba yake, mzee Shimba wa Kisesa, alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kundi la ngoma la Bagika. Alipenda ushindi kuliko nyama. "Mwezi wa sita, sikukuu ya Bulabo, ngoma zikishindana, anacheza uwanja wa Bujora," Odeta alisema. "Njoo usimame kwenye watu wake. Akikuona hapo, kazi nusu imekwisha."

"Nitasimama mpaka niote mizizi," Mihayo aliahidi.

Siku ikafika. Mzee Shimba aliingia uwanjani na njuga miguuni, akaimba, akatania, akaruka kama kijana. Ng'ambo ya uwanja walikuwepo mahasimu wao wa jadi, Bagalu, vijana kutoka Usagara. Watu waligawanyika sawa. Mihayo alisimama mbele kabisa, mkono wake ndani ya mkono wa Odeta, na mzee alishamwona.

Mara ngoma za ng'ambo zikanyamaza zote pamoja. Zikabaki njuga tupu, miguu mingi ikikanyaga kama mguu mmoja, sauti laini kama mvua inapoanza juu ya ziwa. Odeta aliusikia mkono wa Mihayo ukilegea, kisha ukatoka. Alipogeuka, Mihayo alikuwa anavuka uwanja, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetembea usingizini. Mrefu vile, nani asingemwona? Watu waliona mtu wa mbele anahama, nao wakamfuata. Hadi jua linainama, mzee Shimba alikuwa anawachezea ndugu zake tu. Alicheza mpaka mwisho. Odeta alifunika uso kwa khanga.

Kesho yake simu ililia mapema.

"Odeta, nisikilize, mpenzi."

"Mpenzi wako yuko Usagara."

"Walicheza vizuri. Unataka nikudanganye?"

"Ndiyo! Ungenidanganya! Ungebaki umesimama tu, basi. Ni kazi hiyo?"

"Miguu ilikwenda yenyewe."

"Na wewe ndiye wa kumsifu aliyemaliza watu wameshaondoka! Baba yangu alimaliza watu wameshaondoka, Mihayo. Ulikuwa wapi?"

Odeta akakata simu.

Baada ya hapo, kila Mihayo alipopiga, Odeta alikuwa hayupo, anaumwa, katoka, kasafiri. Iqbal alidanganya mpaka akachoka. "Leo nimemwambia umelazwa," alisema. "Kesho nitamwambia umekufa, maana sina jingine."

Odeta hakucheka. Uchungu wa baba ulikuwa kweli, lakini haukuwa wote. Kilichomnyima usingizi kilikuwa hofu yake mwenyewe: mtu ambaye miguu yake inakwenda yenyewe kila panapolia kitu kizuri zaidi, atakaa na mwanamke mmoja? Gauni la njano litachakaa. Na yeye atachakaa.

Jumamosi moja mlango wa duka ulijaa koti jeusi. Mzee Shimba alikuwa amekuja mjini, koti la kanisani katika jua lile, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yuko wapi yule kijana mrefu aliyenihama?"

Odeta alishtuka. "Baba, unataka kumpiga?"

"Nimpige mtu wa kwanza aliyeona? Mimi nilikuwa nacheza, nitaonaje wenzangu walichofanya? Nimewauliza ndugu zako wote. Wananiambia, 'Mzee, ulishinda.' Ulishinda! Walibaki kwa kunionea huruma, na huruma haijui ngoma. Mpigie simu."

Odeta alizungusha namba za kiwandani.

"Odeta? Ni wewe? Umepona?"

"Si mimi ninayekutaka. Baba anakutaka."

"Mungu wangu," alisema Mihayo.

Walikutana jioni ufukweni, mbele kidogo ya kiwanda. Mihayo alikuja amefunga shati mpaka kifungo cha juu kabisa. Aliinama, akasema shikamoo, akabaki ameinama akingoja hukumu.

"Inuka," alisema mzee. "Zile njuga. Walizikanyagaje?"

Mihayo alimtazama Odeta. Odeta alitazama maji.

"Hivi, mzee." Alikanyaga mchanga. "Kisigino, halafu—"

"Usinifundishe kukanyaga." Mzee alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Alivua koti akampa binti yake alishike. "Na kunyamazisha ngoma, nani alitoa ishara?"

"Sikuona, mzee. Nilikuwa nimepotea kabisa."

Mzee alikanyaga tena mchanga. "Nakuamini. Hata mimi niliposikia, miguu yangu ilitaka kwenda." Akasema hivyo kwa kinyongo, kama anayetoa jino, kisha akajiendea kando ya maji, akikanyaga na kunung'unika.

Wakabaki wawili. Upepo ulikuwa umelala, na ziwa lilimeta hadi lilipokutana na mbingu. Odeta alikumbatia koti la baba yake.

"Na mimi je?" aliuliza. "Iko siku nitazeeka. Njuga za mwingine zitalia. Miguu yako itakwenda yenyewe?"

"Baba yako nilikwenda kumtazama," Mihayo alisema polepole. "Mtazamaji anahama, ndiyo kazi yake. Wewe sitaki kukutazama, Odeta. Nataka tucheze wote. Mchezaji hahami."

"Maneno mazuri. Lakini baba ni mchezaji, na umemsikia. Miguu yake ilitaka kwenda."

"Ilikwenda?"

"Hapana."

"Basi sitakudanganya kwamba sitazisikia. Nitazisikia. Na nitabaki."

Odeta alikuwa ameota maneno matamu kuliko hayo, usiku mwingi sana. Haya hayakuwa matamu, lakini aliona anaweza kuyaegemea. Moyo ulimlegea, machozi yakamtoka, hakuyaficha.

"Walete wazee wako Kisesa Jumapili," alisema, na akampa mkono wake.

"Wewe!" mzee Shimba aliita kutoka mbali. "Kisigino kwanza, au vidole?"

"Kisigino, baba!"

Neno lilikuwa limeshatoka, na Mihayo alijishika mdomo. Mzee alisimama, akamtazama yeye na mkono alioushika. Kisha akageuka, akaanza upya, kisigino kwanza.