Lodola ya Tatu Haitafika Chini

Simu ya mkahawa ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena.

Ersilia Gribaudo alikuwa ameshaweka chini glasi yake kabla mwenye mkahawa hajageuka. Mlio ule ulikuwa wake.

"Shangazi mdogo hatafika chini," ilisema sauti ya Kanali Cravero, mkuu wake.

"Anaumwa nini?"

"Hatujui. Stamm alilewa, akamwambia mwanamke mmoja kwamba leo Torino yote itavaa nguo nyeusi. Panda Superga, binti yangu. Panda sasa hivi."

Simu ikakatwa.

Katika lugha ya Idara ya ujasusi, shangazi mdogo alikuwa Lodola ya Tatu, gari dogo la familia ambalo mji mzima ulikuwa ukilisubiri. Asubuhi hiyo magari themanini yangeteremka kilima cha Superga mbele ya kamera za televisheni. Kila moja lingeendeshwa na mfanyakazi wa kiwanda, mkewe kando yake, watoto nyuma.

Watoto nyuma. Ersilia alilitia gari lake funguo, akaondoka kwa kasi iliyowatimua njiwa wa uwanjani.

Rudi Stamm alitembea na pasipoti ya Uswisi, ila hakuna Mswisi aliyewahi kumdai kuwa ndugu. Kazi yake ilikuwa kuua viwanda vya watu. Kiwanda kikishaanguka, mabwana zake walikuja kukiokota kwa bei ya vyuma chakavu. Alikuwa ameua viwili. Hakuwahi kuacha alama ya kidole.

Ersilia alivuka daraja la mto Po, akabonyeza kitufe chini ya kiti. Redio ikakoroma.

"Teresio, unanisikia?"

"Nakusikia, dada." Teresio Boglione, mwenzake, alikuwa na pikipiki yake ya Guzzi, akimfuata Stamm tangu alfajiri.

"Jamaa yuko wapi?"

"Katikati ya mlima, kwenye kona kali ile yenye ukuta wa mawe. Ameegesha Lancia yake nyeusi, ametega kamera."

"Anapiga picha mji?"

"Mji ameupa mgongo. Kamera inatazama barabara. Anaitazama ile kona kama mchimba kaburi anayepima udongo."

Mtu hategi kamera mbele ya kona tupu. Hutega pale anapojua kitakachotokea.

"Breki," alisema.

"Unasemaje, dada?"

"Wamezigusa breki. Usimwondolee macho."

Akakata kona ya kwanza, matairi yakapiga yowe.

Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa Lodola pia, ile ya pili. Watu wa Torino walizijua Lodola kama wanavyojua watoto wa jirani. Ya kwanza ilizaliwa kabla ya vita, finyu kama sanduku la viatu, na familia za watu sita zilijipakia humo kwenda mazikoni na harusini. Wanajeshi wa kigeni walipoikalia nchi na kuanza kung'oa mashine za kiwanda, wafanyakazi walizichukua kalibu za chuma za kukunjia bati la bodi yake kwa mikokoteni ya mboga, wakazifukia kwenye shamba la kabichi la watawa. Watu wawili walipigwa risasi kwa kukataa kusema ziko wapi. Vita vilipokwisha, kalibu zilifukuliwa zikiwa na kutu na udongo. Zikatoa Lodola ya Pili, iliyopakwa rangi ya kijeshi iliyobaki, yenye breki za kuvutwa kwa nyaya kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Watu walizicheka breki zile. Walisema ukitaka kusimama Torino, anza kukanyaga ukiwa Milano.

Fundi wa Idara alikuwa ameitia hii kabureta mbili. Breki alikuwa ameziacha vilevile, ameongeza unene wa nyaya tu.

Juu kilimani, mbele ya kanisa, bendi ilikuwa inapuliza tarumbeta. Padri alikuwa akizinyunyizia boneti maji ya baraka. Lodola mpya zilipangwa kwa safu, nyeupe, buluu na nyekundu, ziking'aa kama pipi. Watoto walikuwa wamebandika pua kwenye vioo.

Ersilia alifungua boneti ya gari la kwanza aliloliona. Akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki, akakikung'utia kwenye ekzosi ya moto ya jenereta ya bendi.

Tssss.

Yaliruka kama maji kwenye kikaango.

"We mama, acha hilo gari!" Mtu mrefu mwenye koti jeupe alimjia mbio. Alikuwa Amerigo Vallero, mkuu wa majaribio wa kiwanda. Alipofika karibu aliuona mvuke, naye uso ukamgeuka rangi ya majivu.

Hilo lilimtosha Ersilia. Alimshika kiwiko kama mtu anayemsalimia binamu, akamsogeza nyuma ya ukuta, na mdomo wa bastola yake ya Beretta ukamgusa mbavuni.

"Mhandisi, umetia nini humu?"

"Sielewi unachosema."

"Vizuri. Basi tuingie wote wawili tuteremke. Wewe utakanyaga breki."

Vallero alitikisa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Maji," alinong'ona. "Kidogo tu. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Pedeli inazama. Stamm aliniambia zitalegea tu! Aibu kidogo mbele ya kamera, basi."

"Aibu."

"Miaka sita nimelisanifu gari hili! Kila mkunjo wa bati ni wangu. Halafu wameandika kwamba msanifu ni mkwe wa mkurugenzi. Wewe ungefanyaje?"

"Ningenuna, bwana. Ningenuna kama watu wengine." Akamgeuza awatazame watoto. "Chomoa funguo za magari yote. Sema umeona hitilafu. Likiondoka hata moja, nitakufunga kwenye bampa yake ya mbele."

Vallero hakusogea. Alitazama barabara iteremkayo.

"Moja limeondoka sasa hivi," alisema. "Watu wa televisheni walitaka moja litangulie. Ni Secondo Pautasso, mchomeleaji. Yuko na mkewe, na mabinti zake, na mama mkwe."

Ersilia alikuwa ameshaanza kulikimbilia gari lake.

Kona ya kwanza aliikata kwa matairi mawili.

Ya pili, bati lilikwaruza ukuta.

"Teresio! Gari jekundu linateremka. Halina breki. Weka watu mbali na barabara!"

"Nimekusikia. Na Stamm?"

"Mwache apige picha zake."

Aliliona baada ya kona ya tatu. Gari jekundu lilikuwa likiyumba kutoka ukuta hadi genge, moshi ukitoka magurudumu ya nyuma. Pautasso alikuwa ameivuta breki ya mkono hadi inaungua. Alikuwa amejaribu pia kushusha gia, ikakataa, na sasa injini ilikuwa ikilia bure. Kwenye kioo cha nyuma nyuso mbili ndogo zilimtazama Ersilia. Mmoja wa watoto alimpungia mkono. Alidhani ni mashindano.

Ersilia alikanyaga mafuta hadi mwisho. Kabureta zote mbili zikanguruma. Alilipita gari jekundu upande wa genge, mahali ambapo palikuwa na nafasi ya gari moja na dua, kisha akaingia mbele yake.

Akatoa mkono dirishani. Njoo. Nigonge.

Pautasso alielewa, au alikuwa hana chaguo.

Bampa ziligongana. Shingo ya Ersilia ilirushwa nyuma. Akapunguza kasi kidogo kidogo, akiuhisi uzito wa watu watano ukimsukuma mgongoni, kisha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nyaya zikalia. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Ukuta wa mawe ukaanza kukua kwenye kioo cha mbele, na mbele ya ukuta, mtu mwenye kofia aliyeinama kwenye kamera.

Akateremsha gia hadi ya pili. Kisha ya kwanza. Injini ikapiga ukelele.

Polepole.

Polepole zaidi.

Magari yote mawili yakasimama, Lodola ya pili ikiwa imeizuia ya tatu kwa mgongo, hatua chache kutoka ukutani.

Kisha mama mkwe akasema ndani ya gari jekundu, kwa sauti ya juu kabisa, "Secondo, nilikwambia tupande tramu!"

Stamm hakungoja kusikia jibu. Alishaingia kwenye Lancia, na injini ilikuwa imeshashika. Ersilia alitoka garini, akaegemeza kiwiko kwenye paa, akafyatua mara moja. Tairi la nyuma likapasuka.

"Picha imetoka vizuri?" aliuliza.

"Mimi ni mtalii, bibie."

"Basi umefika."

Teresio alikuja nyuma yake na pingu. Stamm alinyoosha mikono bila kubishana, akitabasamu kwa meno madogo.

"Mnadhani niko peke yangu?" alisema. "Kuna wengine. Wanakula na nyinyi, wanafanya kazi na nyinyi. Gari hili litakufa tu, leo au mwakani."

Ersilia alijua mtu huyu hasemi uongo. Alimwona Vallero tena, uso wa majivu, mtu wa kawaida mwenye koti safi.

"Najua kuna wengine," alimjibu. "Ndiyo maana hatuna haraka na wewe. Utatutajia mmoja mmoja, taratibu."

Tabasamu likapungua.

Pautasso alikuwa amekaa chini kando ya barabara, binti mdogo akimvuta shati arudie tena ule mchezo. Mkewe Carolina alimfuata Ersilia, akamshika mikono yote miwili. Ersilia aliubusu mkono wake, akamwachia.

Usiku ule kiwandani vikopo themanini vilimwagwa, vikasuguliwa, vikajazwa upya. Wiki mbili baadaye Lodola ya Tatu ziliteremka Superga, na hakuna aliyetoka hata jasho.

Lakini siku ile yenyewe, gazeti la jioni liliandika kwa mistari mitatu tu, kama Kanali alivyotaka, kwamba msafara umeahirishwa kwa sababu ya ukungu mzito kilimani.

Ersilia alilisoma akiwa amesimama kwenye kituo cha tramu, gari lake likiwa kwa fundi wa Idara. Jua la Aprili lilikuwa likiwaka, na Superga yote ilionekana wazi hadi msalaba wa kanisa. Akalikunja gazeti, akamwachia mzee aliyekuwa kando yake, akapanda tramu.