Kidonda Kisichouma

Kila jioni, Stanislaus akitoka shambani, alikaa jikoni karibu na moto. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2014, na baridi ya Kibondo ilikuwa kali. Mkewe, Yusta, alisonga ugali. Stanislaus alinyoosha miguu mpaka kwenye mafiga.

"Sogea, Baba Nickson," Yusta alisema. "Unataka tule miguu yako?"

"Haipati joto, mama. Tangu mwaka jana ni kama nimevaa soksi."

Asubuhi moja Yusta aliona lengelenge kubwa kwenye wayo wa mumewe. Lilikuwa limepasuka. Stanislaus alilibonyeza kwa kidole. Hakusikia maumivu. Akafikiri.

"Jana nilipita wapi?" aliuliza.

"Ulikwenda kwenye maharage. Ukarudi kwa njia ya Bazilio."

"Umesema mwenyewe!"

Bazilio alikuwa jirani yao. Yeye na Stanislaus waligombania mpaka wa shamba.

"Kidonda cha kawaida huuma," Stanislaus alisema. "Hiki hakiumi. Basi kimetumwa. Nimekanyaga kitego cha uchawi cha Bazilio."

Tangu siku hiyo alimchunguza jirani yake. Bazilio akicheka, Stanislaus alisema, "Ananicheka mimi." Bazilio akinyamaza, alisema, "Ana siri." Kidonda kikaanza kutoa harufu. Stanislaus akaamua kwenda kwa mganga, achanjwe mguu ili kitego kitoke.

Siku ya safari, Bazilio alifika na baiskeli, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, jirani. Una kidonda kibaya. Panda nikupeleke zahanati."

"Nani amekuambia?"

"Harufu imeniambia. Imefika kwangu kabla yako."

"Na kwa nini una haraka na mguu wangu?"

Bazilio hakucheka. "Kaka yangu Evaristi ana kisukari. Kidonda chake nacho kilikuwa hakiumi. Tulizunguka kwa waganga mpaka mguu ukaoza. Ukakatwa hapa." Akaonyesha chini ya goti.

Stanislaus akamgeukia mkewe. "Unasikia? Anataka nikatwe!"

"Mimi naona baiskeli," Yusta alijibu. "Mganga wako hajaleta yake. Na mwaka jana hospitali walikuambia una sukari. Ulimeza vidonge mwezi mmoja, ukasema umepona. Panda. Nitatembea kando yenu. Akikuangusha, nitamwona."

Stanislaus akapanda. Njia nzima alitazama mikono ya Bazilio kwenye usukani.

Zahanati walimkuta Nesi Asmahani, mwenyeji wa Tanga. Alimtoboa Stanislaus kidole, akapima damu. Sukari ilikuwa juu sana. Kisha akachukua pamba.

"Fumba macho, baba. Nikikugusa mguuni, sema."

Stanislaus akafumba macho, akasubiri. "Anza basi, binti yangu."

"Nimemaliza, baba. Nimegusa vidole vyote."

"Haiwezekani. Mpe mke wangu hiyo pamba."

Yusta akagusa mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Stanislaus hakusikia kitu. Yusta akaanza kulia.

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu," nesi alieleza. "Miguu hufa ganzi. Msumari ukiingia, hujui. Moto ukikuunguza, hujui. Je, huwa unaota moto?"

"Anaweka miguu kwenye mafiga," Yusta alisema. "Mimi ndiye humwambia asogee."

"Miguu yake ndiyo ingepaswa kumwambia. Baba, hapa umeungua. Hukusikia maumivu kwa sababu ya ganzi. Usingoje kidonda kiume ndipo uje."

Stanislaus aliinamisha kichwa. "Nilikuwa naenda kuchanjwa kwa mganga. Nitakatwa?"

"Leo hii nendeni hospitali, daktari auangalie mguu. Bado tunaweza kuuokoa. Ungechanjwa, hali ingekuwa mbaya zaidi."

Hospitali walimsafisha kidonda, wakampa dawa. Alirudi kila alipoitwa. Vidonge vya sukari hakuviacha tena. Nyumbani hakuweka tena miguu karibu na moto, wala hakutembea peku, hata uani. Yusta alipima joto la maji kwa kiwiko kabla mumewe hajanawa miguu. Walikausha katikati ya vidole. Kila jioni Yusta alikagua nyayo zake.

"Unanichunguza kama polisi," Stanislaus alilalamika.

"Wewe ulimchunguza Bazilio bure. Mimi nachunguza penye kazi."

Mwezi wa tisa kidonda kilifunga. Stanislaus alivaa viatu vyake vya kufunika vidole, akaenda kwa Bazilio kwa miguu.

"Jirani," alisema, "mimi nilikushuku."

"Nilijua. Ulipanda baiskeli yangu kama mbuzi anayepelekwa mnadani."

"Mbona ulinibeba?"

"Evaristi hakupata wa kumbeba mapema. Hebu nione huo mguu."

Stanislaus aliketi kwenye kigoda, akavua kiatu. Akamwekea Bazilio mguu mikononi. Bazilio akaugeuza taratibu, akatazama wayo, akatazama katikati ya vidole.

"Uko salama," alisema.